Mzani wa korosho haupimi wema wa Mungu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Masasi. Barua yake niliisoma nikiwa kwenye benchi nasubiri dawa za presha, gazeti lenyewe la kuazima, na mwenye gazeti akaitwa dirishani kabla sijamaliza aya ya mwisho. Kwa hiyo nikimnukuu vibaya anisamehe. Alichosema, kwa nilivyomwelewa, ni kwamba bei ya korosho tuliyoipata mnadani ni ushahidi kuwa Mungu ni mwema kwa watu wa Kusini, na kwamba tupeleke shukrani kanisani kabla hela haijaishia kwenye pikipiki na mabati.

Kwenye shukrani hatugombani. Nina mikorosho 64 hapa Newala, mingi aliipanda marehemu baba mkwe wangu, michache nimeipanda mwenyewe, na fungu langu nimeshalipeleka. Kilichonikwama kooni ni hilo neno "ushahidi".

Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, Kiswahili zaidi, na ukikaa na daftari za watoto muda wote huo unapata ugonjwa wa kulikamata neno moja na kulihoji mpaka lichoke. Ushahidi ukiwa ni bei, bei ikianguka tunafanyaje? Naukumbuka msimu wa 2018, wakulima tulipozisusa bei za mnadani, mpaka Novemba Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wiki zile za katikati tulikuwa tunalala na magunia ndani na chumvi tunakopa. Naikumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, abiria wakalala njiani na mizigo ikaozea kwenye malori. Siku hizo wema wa Mungu ulikuwa umepungua kilo ngapi?

Jibu nalijua, nimelisikia mara nyingi: hapo alikuwa anatujaribu. Bei ikipanda ni mwema, ikishuka anajaribu. Hesabu ya namna hiyo haikosei hata siku moja, na mimi mtoto akiniletea daftari lisilo na kosa hata moja nilikuwa namwuliza kanakili kwa nani.

Kanisani tunaitikiana. Mmoja anasema "Mungu ni mwema!", wengine tunajibu "Kila wakati!" Nimejaribu kusikiliza ni lini tunaitikia kwa nguvu. Mtoto kafaulu, mgonjwa katoka hospitali, chama cha msingi, ule ushirika unaotuuzia korosho, kimelipa. Kwenye nyumba ya msiba sijamsikia mtu akiianzisha. Hiyo "kila wakati" yetu ina ratiba.

Sasa niseme jambo la kimwalimu kidogo. Asiyependa sarufi aruke aya hii. Kiswahili chetu hakijaujengea wema na uzuri nyumba mbili. Mwanamke mzuri ni wa sura, lakini mtu mwenye roho nzuri sura haimhusu. Tunasema habari nzuri, na Injili tunaiita Habari Njema. Methali ni ile ile, huyu anasema kizuri chajiuza, yule anasema chema chajiuza, na kibaya kinajitembeza kwa wote wawili. Walichokiogopa wazee ni uzuri ulioachwa peke yake, ndiyo wakasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Miaka ya nyuma, nilipokuwa kwenye mafunzo ya wasomaji wa kanisa (sisi ni Waanglikana), padre aliyetufundisha alituandikia ubaoni neno la Kigiriki, kalos. Akasema Yesu aliposema "Mimi ndimi mchungaji mwema", neno lililoandikwa kwenye Injili ya Yohana ni hilo, na anayelisikia kwa Kigiriki anasikia wema na uzuri katika pumzi moja. Na Wayahudi waliokitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kigiriki, kabla Kristo hajazaliwa, walipofika pale Mungu anapotazama kila kitu alichokifanya, "na tazama, ni chema sana", waliweka neno hilo hilo.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu. Nikamwambia, kumbe Mungu alipomaliza kazi alikaa akaangalia. Hakushtuka. Alisema, "Fundi yeyote huangalia."

Mume wangu alikuwa mchongaji. Nitamrudia.

Kwanza bibo. Msomaji wa Masasi analijua kuliko mimi, lakini kwa wasomaji wa mikoa isiyo na mikorosho nieleze: korosho haikai ndani ya tunda kama kokwa la embe. Inaning'inia kwa nje, chini ya tunda, ambalo ndilo bibo, imejikunja kama figo. Inaanza korosho yenyewe, kijani na ngumu, halafu siku za mwisho ndipo bibo linavimba juu yake. Korosho ikikauka ni ya kijivu, na ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi. Waulize kina mama wanaobangua wakuonyeshe vidole. Bibo lenyewe ni jekundu la kung'aa, au njano kama kiini cha yai la kienyeji, ngozi nyembamba, ukiligusa na kucha tu maji yanatiririka mpaka kiwikoni na kanga haitakati tena. Mwezi wa kumi, asubuhi, chini ya mikorosho yangu kumejaa hayo. Chama cha msingi hakiyataki. Mzani wao hauna mahali pa kuyaweka. Tunanyofoa korosho, tunatia guniani, bibo tunawaachia nzi na wale wachache wanaopikia pombe, ambao siwataji kwa sababu ni majirani zangu.

Yaani sehemu inayopimwa Mungu kaifanya ya kijivu, na isiyopimwa ndiyo kaipaka rangi.

Nilimwambia hivyo mjukuu wangu anayesoma sayansi sekondari, akanisahihisha. Rangi na harufu, bibi, ni za kuwaita wanyama waje wabebe mbegu, popo hasa. Nikamwuliza popo anayekula usiku hiyo rangi nyekundu anaionea wapi. Akacheka, akasema popo anafuata harufu, ila kuna ndege na nyani pia. Hapo nilikubali, maana nyani wa shamba lile ananifahamu kwa sura. Sina ugomvi na sayansi. Nimemwachia swali moja tu: mimi si popo wala nyani, na meno ya kula mabibo sina, sasa kwa nini kila mwaka nasimama pale naangalia mpaka chai inapoa?

Asije mtu akasema mwalimu anataka tuache kuuza korosho tukatazame mabibo. Dawa zangu za presha zinanunuliwa na korosho. Nasema tu kwamba Mungu anayetambuliwa kwa yale yaliyoingia guniani ni nusu ya Mungu, tena nusu ya kijivu. Musa alipoomba kule mlimani aonyeshwe utukufu, jibu aliloandikiwa kwenye kitabu cha Kutoka ni hili: "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako." Hakupewa mbuzi wala shamba siku ile. Wema ulipita, akafichwa kwenye ufa wa mwamba, akauona kwa nyuma. Alichopata ni kuona.

Na wapo waliopiga hesabu kabla yetu. Kule Bethania, mwanamke alikuja na marhamu ya nardo, akakivunja kibweta, akammiminia Yesu kichwani. Waliokuwepo wakanung'unika: ingaliweza kuuzwa kwa dinari mia tatu na zaidi, wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kutwa nzima. Ukiondoa siku za sabato, dinari 300 ni kibarua cha karibu mwaka mzima, kimemwagika sakafuni jioni moja. Nimewapa watoto wa Shule ya Jumapili hesabu hiyo mara kadhaa na kila mara kuna mmoja anashika kichwa. Yesu akajibu, "Amenitendea kazi njema." Neno la Kigiriki ni lile lile la ubaoni. Kazi njema, kazi nzuri, vyovyote utakavyo. Na maskini hakuwatupa, alisema papo hapo kwamba kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema. Yohana katika Injili yake anamtaja kwa jina aliyepiga hesabu ile ya dinari 300. Ni jina ambalo hatuwapi watoto.

Sasa nimrudie fundi wangu.

Alifundishwa kuchonga na mjomba wake, akaenda kukaa Mwenge, Dar es Salaam, miaka kadhaa akiwachongea watalii vinyago vya mashetani na ile minara ya ujamaa ya watu kubebana, mpaka macho yakaanza kusumbua na moyo ukataka kurudi. Kanisa letu lilipoezekwa upya alijitolea kuchonga msalaba wa altareni. Gogo la mpingo lilitoka upande wa Nachingwea. Mpingo, kwa asiyeujua, una tabaka la nje jeupe, rangi ya siagi, na ndani ndiyo ule weusi unaotafutwa. Mchongaji wa biashara huliondoa lile jeupe lote. Miezi miwili alikaa chini ya mwembe, kwanza tezo, kisha patasi na tupa, mwisho msasa, na vibanzi vyeusi vikatuchoma nyayo uwanjani mpaka sikukuu ikapita. Siku moja nimempelekea uji nikaona ameacha mstari wa ule mti mweupe ubavuni mwa Kristo, kuanzia kwapani kushuka, pale ulipoingia mkuki. Nikamwuliza kama amechoka. Akasema, "Hapa ndipo mti ulipokuwa unaishi. Huko ndani ni mfupa."

Uso hakuufanya wa kupendeza. Mashavu yameingia, mdomo umeachama kidogo kama wa mtu aliyekuwa anataka kusema kitu. Miguu ndiyo iliyoleta maneno. Aliichonga mipana, vidole vimeachana, visigino vina nyufa. Wazee wa kanisa walipokuja kuangalia, mmoja akasema, "Huyu mbona kama anatoka kupalilia?" Wakashauriana pembeni. Bwana wetu ni mzuri, wakasema, hawezi kuwa na miguu ya hivyo. Mwezi uliofuata ukaletwa msalaba mwingine kutoka mjini, wa plasta, Kristo ana mashavu ya pinki na nywele kama za tangazo la sabuni. Sitaji ni kanisa gani, na baadhi ya wazee wale wameshatangulia. Mume wangu alifunga wa kwake kwenye kanga yangu, akaubeba begani, akautundika sebuleni juu ya redio, akaenda shamba. Hakulizungumza tena.

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa Ijumaa Kuu. Kila mwaka nasimama nasoma Isaya sura ya 53: "Yeye hana umbo wala uzuri, na tumwonapo hana uzuri hata tumtamani." Nakiri mbele yako Mhariri kwamba miaka ile, nikishafika hapo, nilikuwa siinui macho kutazama altareni, nisije nikacheka au nikalia.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na ndipo ninapotofautiana kabisa na barua ya Masasi. Imani yetu inasema yule aliyeangalia dunia nzima akaona ni chema sana ndiye huyu asiye na uzuri wa kutamaniwa. Ni yule yule. Wazee wetu waliutaka uzuri wa Mungu wakaukataa mwili wake, na msomaji mwenzangu anautaka wema wa Mungu bila Ijumaa Kuu. Wote wanataka upande uliopakwa rangi mjini.

Upande wa mama yangu ni watu wa Mtandi, Masasi. Wanaoijua historia wanajua maana yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Askofu Edward Steere wa misheni yetu ya Kianglikana akajenga kanisa kuu papo hapo Mkunazini, sokoni penyewe. Mwaka 1876 alikuja bara na kundi la watu waliokombolewa, safari ikielekea Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi, chini ya yale majabali, wakajenga. Nilifika Mkunazini mara moja tu maishani, kwenye safari ya walimu. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungukwa na wekundu, na mwongozaji alitueleza kuwa hapo palisimama nguzo ya kuchapia watumwa. Walimu wenzangu walikuwa wanapiga picha madirisha. Mimi nilibaki na lile duara. Viwanja vilikuwepo vingi Unguja, vyenye upepo wa bahari na visivyo na damu. Kwa nini altare iwekwe pale? Bibi yangu asiyejua kusoma angeniambia haraka kuliko vitabu: ndipo watu walipokuwa.

Nikasimama pale kidogo, nikawafikiria wazee wa mama yangu, halafu mwenzangu akanivuta mkono kwamba boti inatuacha.

Baadaye mume wangu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakabaki matatu au manne. Alilala miaka miwili na miezi minne. Sisemi ugonjwa ni mzuri. Anayesema mateso yana uzuri hajafua mashuka saa tisa usiku kwa maji ya ndoo moja. Alikuja pia mhubiri mmoja, mgeni, kuniombea, akatazama sebuleni akasema ile sanamu nyeusi ndiyo iliyofunga mlango wa baraka, nikiiteketeza mume wangu atainuka. Nilimpa maji ya kunywa, nikamwonyesha njia ya stendi.

Aliyekuja kila siku ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Huyu ni Mwislamu, mwalimu wa madrasa. Familia za huku mnazijua, sufuria moja, sikukuu mbili. Akishaswali alfajiri anakuja moja kwa moja na kanzu yake, anaivua anaitundika kwenye kitasa, anamgeuza kaka yake ubavu ili asipate vidonda. Kisha mkono. Ule mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi, haufunguki. Shemeji anakaa kitandani, anaupakata, anaanza na kidole kidogo. Anakinyoosha taratibu, anapita na kitambaa cha maji ya uvuguvugu katikati ya vidole, pale panapooza, anakausha, anakwenda kidole kinachofuata. Kidole gumba kilikuwa na kucha iliyopasuka zamani na tezo, haikuota vizuri tena, na hapo alikuwa anapunguza mwendo zaidi, kama mtu anayesoma herufi asiyoizoea. Akimaliza anaviringisha kitambaa kikavu anakiweka kiganjani ili kucha zisichome nyama, anaiachia ngumi ijifunge yenyewe. Haongei. Mume wangu anamtazama tu. Siku nyingine chozi linamtoka jicho moja, lile lililokuwa bado linafanya kazi.

Nilikuwa nasimama mlangoni na beseni. Miaka miwili na miezi minne, masika na kiangazi. Juu ya redio yule mwingine yupo na miguu yake ya kupalilia.

Mhariri, kama kuna kitu nimekiona kwa macho yangu ambacho wema na uzuri vilikuwa kitu kimoja ni ule mkono. Hakuna aliyelipwa. Hakuna aliyepona. Mgonjwa alikufa, tukamzika Alhamisi. Na bado nikiulizwa Mungu ni mwema kwa ushahidi gani, nitapeleka ule mkono kabla ya stakabadhi ya ghala la korosho.

Asubuhi moja nilimsimulia shemeji habari za neno la Kigiriki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. Akasema kwao kuna hadithi ya Mtume, kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. "Shemeji," akasema, "nyie mlilazimika kwenda mpaka kwa Wagiriki?" Nilicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Kuna mahali yeye na mimi tunaachana njia, maana mimi naamini uzuri huo uliwahi kuwa na miguu, ukatembea juani, ukapasuka visigino. Yeye anajua nasadiki hivyo na mimi najua yeye hasadiki, na chai tunakunywa. Msalaba ule anaufuta vumbi yeye, kwa sababu mimi sifiki juu.

Nimwombe msomaji wa Masasi jambo moja, kama hatanikasirikia. Kutoka kwake mpaka hapa si mbali. Aje Newala mwezi wa saba, mikorosho ikiwa kwenye maua. Ua lenyewe ni dogo, linaanza jeupe lenye ukijani kidogo, likikaa linapata mistari ya pinki, na mji mzima unanuka utamu kati ya puliza moja ya salfa, dawa ya mikorosho, na nyingine. Bei ya msimu hakuna anayeijua mwezi huo. Hata kama ua litashika au ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, utalikausha, hakuna anayejua. Ni mwezi mzuri wa kutazama, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya nalo.

Nitampeleka Shimo la Mungu. Ndivyo tunavyopaita, hapa hapa mjini, pale uwanda wa Wamakonde unapokatika ghafla na ardhi yote kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Huku juu maji yamekuwa shida tangu zamani. Bibi zetu walikuwa wakishuka miteremko ya namna ile kuchota, wakipanda nayo kichwani, mtungi mmoja safari moja, na mguu ukiteleza unarudi mikono mitupu. Waliokuwa na sababu ya kuyalaani mashimo hayo ni wao, na jina tuliloachiwa ni hilo. Asubuhi ukungu unakuwa umelijaza mpaka ukingoni, huoni chini, unasikia jogoo tu anawika mahali fulani ndani ya weupe. Jua likipanda unaanza kuzama polepole, inatoka miti, inatoka njia, unatoka moshi wa nyumba ya mtu.

Ila awahi. Saa mbili asubuhi ukungu unakuwa umeshaanza kukatika, na gari za kutoka Masasi hazifiki mapema hivyo, kwa hiyo bora aje jana yake alale kwangu. Aje na sweta. Kitanda kipo, kile kile alicholala mume wangu. Shemeji amekipigilia miguu upya.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara